Kila X ina U: kisa cha kompyuta ya Rau iliyopoteza wifi

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu asubuhi mwezi wa Julai, ule msimu ambao Moshi nzima imevaa sweta na mlima haujaonekana siku tatu. Aliyepiga ni mwalimu mstaafu wa Rau. Alinifundisha hesabu darasa la tano, kwa hiyo kabla hajataja shida yake nilikuwa nimeshasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Kompyuta yangu haina wifi tena. Umeme ulikatika usiku, asubuhi nawasha, haina."

Jibu la kisa chote lilikuwa ndani ya sentensi hiyo ya mwisho. Mimi niliisikia "haina wifi" tu, hayo mengine nikayachukulia kama mazungumzo ya mtu mzima anayependa kueleza kwa kirefu. Nilikwenda nyumba ile mara tatu kabla sijamaliza kazi.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, sipiyu nyembamba ya kulaza chini ya kioo, inatumia Windows 10. Ni mtumba. Binti yake aliinunua Arusha kwa muuzaji anayeleta mzigo kutoka Marekani, na kadi yake ya wifi iko ndani, na nyuma kuna antena mbili fupi. Ruta, kile kifaa kinachotoa wifi, ni ile ya kuweka laini ya simu, inakaa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Kutoka kabatini hadi kompyuta ni hatua sita na ukuta mmoja wa tofali. Haraka ilitokana na mjukuu: alikuwa amemaliza kidato cha sita na anajaza maombi ya mkopo wa chuo. Fomu ndefu namna ile, yenye viambatisho vya kupakia, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ni mateso.

Kabla yangu walishapita mafundi wawili. Wa kwanza alipiga Windows upya, akalipwa elfu thelathini, na wifi ikakaa siku nne. Wa pili alisema antena ni dhaifu, akauza mbili ndefu. Wifi ikakaa wiki nzima. Simlaumu yeyote kati yao, kwa sababu hata mimi, wa tatu, sikufanya la maana zaidi.

Siku ile ya kwanza nilifika, nikatazama orodha ya mitandao, jina la mwalimu halipo. Nikaenda sebuleni, nikachomoa ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikachomeka. Dakika mbili baadaye jina limetokea, nywila imekubali, kurasa zinafunguka. "Ruta ilikuwa imeganda," nikasema kwa sauti ya daktari. Nikala mtori, nikachukua elfu kumi, nikapanda bodaboda kurudi kibandani kwangu Mbuyuni.

Alhamisi akapiga tena. "Baba, limepotea."

Mara hii, nikiwa njiani, nilijikataza kitu kimoja: kugusa swichi. Kuzima na kuwasha kunatibu magonjwa mengi, sikatai, ila kunafuta ushahidi. Ukishawasha upya huwezi tena kujua kilikuwa kinafanyika nini, na ugonjwa unaoponywa na kuwasha upya utamsifia fundi yeyote aliyekuwepo muda huo. Aliyepiga Windows alizima kila kitu akaanza upya. Wa antena naye alizima vyote, kompyuta na ruta, kabla ya kufunga antena zake. Nikaanza kuona kwamba sote watatu tulikuwa tumefanya tiba ileile, tukaipa majina tofauti.

Nilipofika nilikaa kwenye kiti cha mwalimu na kujiuliza maswali matatu ambayo ilipaswa niyaulize Jumatatu. Kompyuta inaliona jina la wifi? Ikiliona, inakubaliwa kuingia? Ikishaingia, kurasa zinafunguka? Mteja kwa yote matatu atakuambia "haina wifi", lakini ni maradhi matatu yasiyo na undugu. Inayoona jina ikakataliwa mlangoni, unatafuta nywila iliyobadilishwa, aina ya usalama isiyoelewana, au mawimbi yaliyochoka njiani. Iliyoingia ikakwama, unatazama anwani iliyopewa, yaani namba yake kwenye mtandao: ikianza na 169.254, basi kompyuta haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe baada ya kuomba bila kujibiwa. Ikiwa anwani ni nzuri, unakagua bando, kisha DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba yake), kisha mambo mengine ambayo tutayafikia. Ya mwalimu ilikuwa inakwama kwenye swali la kwanza kabisa. Jina halionekani. Hivyo kila kitu kinachohusu nywila, bando na anwani hakikuwa na kazi pale, na muda wote niliotumia Jumatatu kuhakiki nywila ulikuwa wa bure.

Sasa tazama mezani. Orodha ya kompyuta ilikuwa na majina saba. Mmoja wa majirani ameita wifi yake "Lipa Kwanza", mawimbi yake yana kijiti kimoja tu, lakini yumo. Nikaweka simu yangu juu ya kibodi, shubiri moja kutoka kwenye kioo. Simu ikaonyesha jina la mwalimu juu kabisa ya orodha, vijiti vyote vimejaa. Vifaa viwili, meza moja, ruta moja nyuma ya ukuta. Kimoja kinasikia hadi mnong'ono wa nyumba ya tatu lakini hakisikii mtu anayepiga kelele sebuleni.

Nikawasha hotspoti ya simu. Kompyuta ikaiona baada ya sekunde chache, ikaingia, ukurasa wa gazeti ukafunguka bila shida. Kwa kipimo hicho kimoja, cha dakika mbili na bando la shilingi mia, kadi ni nzima, draiva (programu inayoiendesha kadi) ni nzima, Windows ni nzima, antena ni nzima. Mtu akipima hivi kabla ya kuchomeka flashi ya Windows, elfu thelathini za mwalimu zingebaki kwenye pochi yake. Kupiga Windows imekuwa kwetu mafundi kama panadoli: inatolewa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza.

Basi kosa liko kwenye ruta? Lakini simu inaiona na inaitumia. Labda jina limefichwa? Nikaingia kwenye mipangilio kwa simu, halikufichwa. Labda ruta inatoa mawimbi ya 5 GHz ambayo kadi ya zamani haiyajui? Ruta hii ni ya 2.4 pekee. Nikakaa. Nikachezea antena nikijua wazi kwamba sifanyi kitu.

Mwalimu akaleta chai, akasimama nyuma yangu muda kidogo kama alivyokuwa akisimama nyuma ya dawati la mtoto aliyekwama.

"Wewe mbona hujaniuliza siku?"

"Siku gani, mwalimu?"

Akaenda jikoni akarudi na kalenda ya usharika, ile kubwa ya kutundika. Tangu mwanzo wa Juni alikuwa anaweka alama. Herufi U kwa kalamu ya bluu, siku umeme umekatika. Alama ya X kwa nyekundu, siku kompyuta haioni wifi. U zilikuwa tisa. X zilikuwa tano.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Hakuna X hata moja iliyosimama bila U usiku wake au asubuhi yake. Lakini zipo U nne ambazo hazina X.

"Kila X ina U," akasema, "si kila U ina X. Hayo nilikufundisha."

Kweli alinifundisha. Na hapo ndipo kisa kilipogeuka, kwa sababu alama zile zilikuwa zimeshakata njia nyingi kuliko vipimo vyangu. Kama kadi ingekuwa inakufa, ingepotea siku yoyote, umeme upo au haupo. Kama ruta ingekuwa inaharibiwa na umeme kukatika, ingeshindwa kila U, si tano kwa tisa. Nilichohitaji ni kitu kinachotokea umeme unaporudi, kinachotoa majibu tofauti kila mara, kama kurusha kete. Kwenye ruta iliyoachwa na mipangilio yake ya dukani, kitu kama hicho ni kimoja: inapowaka huchagua chaneli, yaani sehemu ya mawimbi itakayorushia wifi.

Ninayo kwenye simu programu ya bure ya kupimia wifi, nilikuwa naitumia kuwaonyesha wateja wapi pa kuweka ruta. Nikaifungua. Ruta ya mwalimu ilikuwa chaneli ya 13.

Nikahesabu tena majina. Simu iliona tisa, kompyuta saba. Jumatatu wala sikuwa nimehesabu. Kwenye kompyuta nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika netsh wlan show networks mode=bssid, ambayo hutaja kila jina pamoja na chaneli yake: 1, 1, 6, 6, 6, 9, 11. Mawili yaliyokosekana kwenye kompyuta yalikuwa la mwalimu kwenye 13 na la jirani mmoja kwenye 12. Juu ya 11 kompyuta ilikuwa haioni kitu.

Ndipo nikainama chini ya meza kutazama waya wa umeme. Pini zake ni zile bapa za Marekani, zimechomekwa kwenye adapta ili ziingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Ubavuni mwa sipiyu kuna stika ya ofisi fulani ya huko, imekwanguliwa nusu. Mara zote mbili nilikuwa nimepitisha miguu yangu pembeni ya waya ule.

Kwa asiyefuatilia mambo ya mawimbi, nitaeleza kwa gari, kwa sababu kila mtu hapa amepanda gari lililotoka Japani. Redio ya gari lile ukiiwasha Moshi inakamata vituo vichache au haikamati kabisa, na tatizo si redio mbovu. Japani kwa miaka mingi FM yao ilianzia 76 ikaishia 90, sisi ya kwetu inaanza 88 kwenda 108. Mshale wa redio ile haufiki kilipo kituo. Unaweza kubadilisha spika, unaweza kuweka antena ya mita mbili juu ya bodi, kituo cha 102 hutakisikia, hadi ufunge kile kifaa cha kushusha mawimbi au ubadilishe redio.

Wifi ya 2.4 nayo ina mshale wake. Chaneli ya 1 katikati yake iko MHz 2,412, kisha kila chaneli inapanda kwa MHz 5, hivyo ya 11 ni 2,462, ya 12 ni 2,467 na ya 13 ni 2,472. Huku kwetu, kama ilivyo Ulaya, zote 13 zinatumika. Marekani vifaa vya kawaida huishia 11. Juu kidogo ya 2,483.5 kuna huduma nyingine za mawasiliano zinazolindwa zisiingiliwe, na chaneli moja ya wifi ina upana wa MHz 20, kwa hiyo ya 13 inafika karibu kabisa na ukingo. Chaneli za 12 na 13 zingeweza kutumika huko kwa nguvu ndogo, ila watengenezaji wengi waliona usumbufu wa nini, wakazifunga kwenye kadi zinazouzwa soko hilo. Kadi inasafiri kwa meli na mtumba wake, lakini kile kizuizi hakiachwi bandarini. Windows upya haikigusi kwa sababu kimeandikwa ndani ya kadi yenyewe.

Na kwa nini ruta ichague 13 siku moja, siku nyingine 6? Kwenye mpangilio wa kujichagulia, ruta husikiliza jirani zake inapowaka, kisha inakaa penye nafasi. Sasa fikiria mtaa wote umeme unarudi kwa pamoja. Ruta zote zinaamka dakika ileile, kila moja inasikiliza wakati nyingine bado zinapiga miayo. Picha inayoonekana ni tofauti kila mara. Ikikuta 1, 6 na 11 zimeshakaliwa, kule juu kwenye 13 panaonekana kama kiti kitupu cha dirishani. Inakaa. Ruta haikukosea chochote, ilifanya kazi yake kwa sheria za huku. Kompyuta nayo inafuata sheria za kwao. Waliokosa kuelewana ni wao wawili, na kila fundi alimtibu mmoja wao.

Hadi hapo nilikuwa na hadithi nzuri, na nimeshaumizwa na hadithi nzuri mara nyingi, ya karibuni ikiwa Jumatatu ileile. Kwa hiyo nikaijaribu iniangushe. Nikaingia kwenye ruta kwa simu, kwa anwani 192.168.1.1 na nywila iliyoko kwenye stika ya chini (hiyo si nywila ya wifi, ni ya kufungulia mipangilio, watu wengi hawajui ni mbili). Nikaitoa 13 nikaiweka 11. Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya kioo.

"Limekuja," akasema.

Nikaiweka 12.

"Limeondoka."

13. "Halipo." 1. "Limekuja." 13 tena. Kimya, halafu: "Halipo. Inatosha, nimeelewa."

Sikuridhika, nikarudia mzunguko wote mara moja zaidi nikiwa na dirisha la amri, kwa sababu orodha ya Windows huchelewa kujisafisha na jina linaweza kubaki kama kivuli. Majibu yakawa yaleyale.

Tiba yenyewe ni fupi kuliko maelezo yake. Chaneli nimeiondoa kwenye kujichagulia nikaifunga kwenye 11, na upana nikaushusha kutoka MHz 40 hadi 20 ili isiwakanyage majirani. Kwa nini 11 na si 1 au 6: chaneli hizo tatu ndizo zisizogongana zenyewe kwa zenyewe, na pale Rau ya 1 ilikuwa na nyumba mbili, ya 6 tatu, ya 11 moja. Ile iliyokaa 9 ni ya mtu asiyejua anachofanya, inawagusa wa 6 na wa 11 kwa pamoja, lakini siwezi kwenda kumgongea mlango.

Zilikuwepo njia nyingine na nilimweleza. Kununua kadi ndogo ya wifi ya kuchomeka kwenye USB, isiyo ya soko la Marekani, kungemaliza tatizo hata ruta ikienda 13. Kuvuta waya kutoka ruta hadi kwenye kompyuta ndiyo njia ambayo mimi ningeichagua nyumbani kwangu bila kufikiri mara mbili, kwa sababu waya haujui chaneli wala jirani. Lakini ilibidi kutoboa ukuta, na mwalimu akaniambia ule ukuta aliujenga marehemu mume wake kwa mikono yake, hautatobolewa kwa ajili ya intaneti. Sikuendelea na hoja hiyo. Kudanganya draiva ili kadi iamini iko nchi nyingine nilisoma zamani kwamba wapo wanaofanya; kwenye draiva ya kadi hii hapakuwa na sehemu hiyo, na sipendi dawa ambayo sasisho la Windows likija linaifuta.

Kuna jambo moja nililoliandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika juu ya ruta kwa selotepu: CHANELI 11, USIBONYEZE KITUNDU. Kile kitundu cha nyuma cha kuingiza pini kinairudisha ruta kwenye mipangilio ya dukani, pamoja na kujichagulia chaneli. Mjukuu akikibonyeza siku wifi iko taratibu, tumerudi Juni.

Nilikataa kulipwa, nikarudisha na ile elfu kumi ya Jumatatu. Akaikunja akaiweka tena mfukoni mwa shati langu bila kusema neno.

Siku tisa zikapita. U zilikuwa mbili, X hakuna. Halafu Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikaita.

"Baba, imerudi."

Nakiri moyo ulishuka. Nilishamsimulia kisa hiki kila aliyepita kibandani, na wengine nilikuwa nimewachorea chaneli kwenye boksi. Lakini safari hii sikutafuta funguo wala bodaboda. Nikamuuliza maswali matatu kwa simu.

"Mwalimu, jina lipo kwenye orodha?"

"Lipo."

"Imeingia?"

"Imeandika imeunganishwa."

"Kurasa?"

"Hazifunguki. Inaniambia muunganisho si salama. Kila ninapogusa, si salama, si salama. Nani ameingia humu?"

Hakuna aliyeingia. Huu ni ugonjwa wa swali la tatu, na ule wa kwanza haukuwa umerudi. "Tazama kona ya chini kulia. Tarehe inasemaje?"

Kimya kirefu kidogo. "Mwaka 2011."

Tovuti karibu zote siku hizi zinajitambulisha kwa cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, vingi havizidi mwaka na ushee. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni 2011 inavitazama vyeti vyote na kuona havijazaliwa bado, basi inakataa kila mlango. Wifi yenyewe haijali tarehe, ndiyo maana iliunganishwa vizuri tu. Nikamwelekeza jinsi ya kusahihisha, kurasa zikafunguka, na hapo tu ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitaja pale nyumbani.

"Ah, kumbe! Huyu kijana huwa anabadilisha saa kila asubuhi umeme ukikatika. Nilidhani anaipenda tu iwe sawa."

Mjukuu alikuwa ameondoka jana yake kwenda Arusha kwa mama yake. Miezi yote hiyo, kila umeme ukikatika, saa ya kompyuta ilikuwa inarudi 2011, naye akiamka anaiweka sawa kabla ya kunywa chai, akidhani kompyuta za mezani ndivyo zilivyo. Hakumwambia mtu kwa sababu kwake haikuwa tatizo. Hivyo nyumba ile ilikuwa na maradhi mawili yanayoletwa na kitu kimoja: moja la kete, linatokea mara nyingine na nyingine halitokei, lingine la uhakika, linatokea kila mara, ila kulikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa anayelificha bila kujua. Kama angesafiri Juni badala ya mwisho wa Julai, X zingekuwa tisa kwa tisa, na kalenda ile iliyoniokoa ingenipoteza kabisa.

Kazi ya mwisho ilichukua dakika kumi. Kwenye bodi ya kompyuta kuna betri ya duara kama sarafu inayoshikilia saa wakati umeme haupo, CR2032. Jina lake ndilo vipimo vyake, milimita 20 kwa upana na 3.2 kwa unene. Mpya hutoa volti 3. Niliyoitoa, kipimo changu kilisoma 1.8. Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye soketi yenye moto, hata kama imezimwa, saa hutembea kwa umeme wa ukutani. Umeme ukikatika na betri imekufa, saa nayo inasahau. Na pengo likiwa la miaka, usitegemee Windows ijisahihishe: kwa mpangilio wake wa kawaida wa nyumbani, huduma ya saa hukataa kurekebisha tofauti inayozidi saa kumi na tano. Nikaweka betri mpya, nikaweka saa, kisha nikachomoa waya ukutani, tukanywa chai. Nusu saa baadaye nikachomeka. Tarehe ilikuwa ya leo, dakika ilikuwa ya sasa hivi.

Mwalimu hakusema kitu. Alitafuta kalamu ya bluu, akaandika U ndogo kwenye mraba wa siku ile, kwa sababu umeme ulikuwa umekatwa, ingawa na mimi.

Wiki iliyofuata, usiku, nimelala, ujumbe ukaingia: "Umekatika saa mbili. Umerudi saa nne na robo. U bila X. Kijana bado yuko Arusha."